Kilo za Dukani

Tarehe 9, mwezi wa pili

Mwiko wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama vichwa nilivyosuka tangu nianze kazi, nawe unajua ni vingi. Hujambo wewe, hajambo mumeo, hawajambo wakwe zako wote? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linalalamika nikisimama, na mdogo wako ana mafua ya kujitakia, maana anakunywa maji ya barafu akitoka kucheza. Magonjwa yetu ni hayo, mengine hatuna.

Barua yako niliisoma nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Nilipofika pale unaposema una mimba nikamvuta nywele mpaka akanishika mkono. "Mama Mwiko, hizo ni nywele, si kamba." Nikamwambia avumilie, anasukwa na bibi wa mtu. Jioni ilipofika mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza mkaa anajua. Fundi baiskeli anajua, na hata simpendi. Wacha wanionee wivu mpaka wakonde.

Hayo ya kliniki yamenifurahisha. Umesema muuguzi amekupima urefu, akakupima uzito, akasema kwa urefu wako kilo hamsini ni kidogo, kwa hiyo wewe unatakiwa kuongezeka kuliko wenzako walionona, kilo kumi na mbili na zaidi mpaka ujifungue, na kwamba kila ukienda atakupima aone unakwendaje. Huyo muuguzi nampenda bila kumjua. Hakukwambia ule kwa ajili ya watu wawili kama wasemavyo watu wasio na kazi. Amekutazama wewe na mwili wako. Mimi mimba yako niliongezeka mpaka kiti changu cha kusukia kikavunjika mguu, na nikazaa mtoto mzuri kuliko wote waliozaliwa wodini siku ile. Mlikuwa wawili tu, lakini yule mwingine nilimwona.

Kula, lala, nenda kliniki kila unapoitwa. Na uniandikie uzito wako katika kila barua, nipate la kusema hapa.

Mama yako mzazi

*

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na huyo wa maji ya barafu amepona. Mimi nipo, mtoto naye yupo. Nakuandikia barua kwa sababu simu iko dukani juu ya kaunta, na nikianza kuzungumza mama mkwe anaacha kupima maharage ili asikie vizuri.

Kliniki sijarudi. Siku yangu ilipofika nilivaa nikatoka, mama mkwe akaniuliza kule wananifanya nini. Nikasema wananipima uzito. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Unakwenda kupanga foleni asubuhi nzima ukapimwe kilo, na sisi hapa tuna mizani?" Duka lao unalijua, ni la nafaka za jumla. Mizani iko pale mlangoni, ya kupimia magunia. Chini ina jukwaa la bati, juu ina saa kubwa kama uso wa mtu aliyekasirika. Basi kila Jumamosi napandishwa pale.

Mama, siku hiyo duka linakuwa limejaa. Ninavua viatu nakanyaga bati lenye vumbi la dawa ya wadudu na punje zilizopondwapondwa, na mama mkwe anasoma kwa sauti ile ile anayosomea magunia. Jumamosi iliyopita mbeba mizigo mmoja akauliza, "Huyu tumpakie lori lipi?" Wakacheka wote. Mume wangu naye alicheka, halafu akaniona, akaacha.

Ile dawa ya wadudu ndiyo inayonimaliza. Imeingia kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye nywele za mume wangu. Natapika asubuhi, nikila mchana natapika tena. Lakini saa inasema kilo hamsini na mbili, kwa hiyo labda naendelea vizuri.

Mwanao

*

Tarehe 11, mwezi wa tatu

Mwiko wangu,

Salamu. Sisi wazima. Nawe je, na huyo mdogo tumboni?

Nimesoma barua yako nikatema mate chini, na nilikuwa nimeshafagia. Mwanangu mimi anapandishwa mahali panapopandishwa magunia ya mahindi, miguu mitupu kwenye sumu ya wadudu, huku wabeba mizigo wanachagua lori? Mimi nimelea mtoto, sikulea gunia. Wewe ulikuwa unaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka ukaanza shule. Nimeona kinyaa hadi chakula cha jioni kimenishinda, na unajua mimi chakula hakinishindi mara kwa mara.

Mwambie mumeo nimesema jukwaa lifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kabla hujapanda. Na asicheke. Mwanamume anayemcheka mkewe ili awafurahishe wabeba mizigo hana tofauti na zile punje unazokanyaga.

Lakini hamsini na mbili, mwanangu. Hilo nimelipenda, siwezi kuficha. Nimewaambia wateja wangu, na yule mwenye binti aliyeolewa na karani wa benki akageuza uso, maana mimba ya bintiye ni ya umri ule ule na bado hajaongezeka kitu. Nikamwambia asijali, si kila mtu ana mwili wa kwetu.

Kutapika ni kawaida, kutapita. Kula kidogo kidogo.

Mama yako

*

Tarehe 20, mwezi wa nne

Mama,

Shikamoo. Wewe mzima? Nashukuru kwa salamu. Jukwaa halifutwi. Mama mkwe alisema sabuni itaozesha bati.

Mama, nisikilize vizuri. Kutapika hakujapita. Kila asubuhi naletewa kikombe cha uji uliomiminiwa mafuta ya kupikia juu, yanaelea kama dimbwi la gereji, na natakiwa kuunywa pale pale jikoni mbele ya mama mkwe. Nikiutapika naletewa kingine. Juzi nilitapika ndani ya kikombe chenyewe. Akakitazama, akasema, "Usicheze na chakula." Nilidhani ataniambia ninywe tena. Nadhani naye aliwaza hivyo, kisha akaona aibu.

Ninapowaambia siwezi, wananipeleka kwenye mizani. Saa inasema hamsini na saba. Mama mkwe ananigeukia mbele ya watu. "Anayetapika kila siku anaongezeka? Kilo hizi zimetoka wapi, kwenye upepo?" Naiona saa kwa macho yangu. Usiku nikijishika naona mifupa ya nyonga imechomoza, nguo hazinibani, bangili inapanda mpaka kiwiko. Ila saa inasema hamsini na saba. Nimeanza kufikiri labda kweli natapika kwa sababu ya kudeka.

Nakuomba kitu kimoja. Mwandikie mama mkwe umwombe aniruhusu niende kliniki. Wewe ukimwandikia atakusikiliza, ni mtu mzima mwenzako. Nataka yule muuguzi anitazame tu.

Mwanao

*

Tarehe 28, mwezi wa nne

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, goti limepona kwa furaha.

Hamsini na saba. Nimelisoma hilo mara mbili nikatoka nje kuwaita majirani. Yule mama mkwe wa karani wa benki alijifanya ana simu sikioni. Simu yenyewe ilikuwa imezima, niliona kioo cheusi.

Sasa nikuambie kama mama. Mimba ya kwanza inamfanya mtu ajione anakufa kila siku. Hata mimi nilidhani nakufa, na nilikuwa nakula viazi bakuli zima. Nyonga, bangili, hayo ni macho yako tu, mtu akijitazama sana haachi kuona kasoro. Mizani haina chuki na wewe. Ukiona saa inasema hamsini na saba, basi ni hamsini na saba. Huo uji wa mafuta unanitia kichefuchefu hata kuusoma, lakini kama ndio unaoleta kilo, ziba pua unywe. Usiwadekee wakwe, watasema sikukufunza.

Kuhusu kumwandikia mama mkwe wako, nimemwandikia. Nimemshukuru kwa anavyokutunza. Nimempelekea na kitambaa cha gauni, kile cha buluu nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe.

Mama yako anayejivunia

*

Tarehe 14, mwezi wa sita

Mwiko,

Salamu. Hii ni barua ya tatu naandika bila jibu. Utingo wa basi ninayempa barua anaapa amezifikisha zote dukani. Mimi nilipiga simu, mama mkwe wako akasema umelala, unaendelea vizuri, kilo zako sasa ni hamsini na tisa, na kitambaa kimemtosha kabisa. Nikaomba nizungumze nawe, nikasikia wanapima kitu.

Umekasirika? Kama umekasirika sema. Hata tusi ni salamu. Mdogo wako anauliza kwa nini siku hizi sijigambi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama

*

Tarehe 22, mwezi wa sita

Mama,

Shikamoo. Barua zako zote nimezipata kwa pamoja, mume wangu kaniletea jana. Nipo wodini, hospitali ya karibu na kliniki. Mtoto ni mzima. Soma mpaka mwisho kabla hujalia.

Nilinyamaza kwa sababu ile barua yako ya shukrani ilisomwa dukani. Mama mkwe alimpa mume wangu aisome mbele ya wateja, kisha akajifunga kitambaa cha buluu kiunoni, akaniambia, "Hata mama yako mzazi anajua unadeka." Baada ya hapo sikuwa na mtu wa kumwandikia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama juu ya mizani kama kawaida. Akaingia mama mmoja, mpishi wa shule, na mkokoteni wenye gunia la maharage, akaliweka hapo hapo mlangoni. Akamwambia baba mkwe, "Gunia lako nimelipima kwenye mizani ya shule. Limepungua."

Baba mkwe akasema, "Maharage yanakauka njiani."

"Nimeyanunua jana jioni. Yamekauka wakati mimi nimelala?"

"Hali ya hewa hii, mama."

Watu wakaanza kusogea. Yule mpishi akageuka anitazame, mimi nimesimama pale kama mjinga, miguu mitupu. Akatazama mikono yangu, akatazama saa juu ya kichwa changu. Akauliza taratibu, "Na huyu mnampima kwa hii hii?" Akanipa mkono. "Binti, shuka hapo."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu. Mama, sikuhitaji kuambiwa. Chini ya ile saa kuna springi na skrubu, na mara nyingi nilimwona na bisibisi hapo kabla ya duka kufunguliwa nikadhani anairekebisha, kumbe anailegeza skrubu. Baba mkwe alimwagiza. Analegeza kidogo tu kila baada ya muda, ili wateja wa kila siku wasishtuke. Kilo nilizokuwa naongezeka ni zile wanazowaibia watu kwenye maharage. Mimi nilipungua, wao wakalegeza, saa ikapanda.

Nilivaa ndala nikaenda kliniki kwa miguu. Yule muuguzi alinikumbuka. Alinipandisha kwenye mizani yao, akanishusha, akaipanda mwenyewe, akanipandisha tena. Kilo arobaini na nane. Mimba hii ni ya miezi saba na nimekuwa mwepesi kuliko siku ya kwanza. Akanilaza, akanipima tumbo kwa utepe, akapima tena. Akasema mtoto ni mdogo kuliko miezi yake, damu yangu imepungua, na siendi nyumbani. Sauti yake ilikuwa ya upole hata nikaogopa. Aliniuliza, "Hii miezi yote ulikuwa unapimwa wapi?" Niliona haya kumwambia, mama. Mimi ndiye niliyeona haya.

Mume wangu amekuja na machungwa. Anasema alitaka kuniambia lakini baba yake angemfukuza dukani. Anasema mama yake alijua kwamba mizani inasaidiwa kidogo, ila alidhani inasaidiwa ikipima magunia tu. Halafu akaniomba mimi, na nikuombe na wewe, tusiseme nje. Wateja wakisikia watahama.

Hapa natundikiwa dripu, nikila chakula kinakaa tumboni. Hakuna harufu ya ile dawa.

Mwanao

*

Tarehe 25, mwezi wa sita

Mwanangu, Mwiko wangu, roho yangu,

Sijui nikusalimie vipi. Umeamkaje? Mtoto amecheza leo?

Barua yako nimeisoma mara moja na sitaisoma tena. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, mimi nisiye na mimba. Mteja niliyemwacha nusu kichwa alinifuata na kikombe cha maji, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia nimekula wakwe.

Mwizi wa kilo namjua, kila soko lina wake, ukimkamata unamtukana unahamia duka la pili. Baba mkwe wako ni takataka ya kawaida. Mama mkwe wako, mtu anayeamini springi inachagua, inamwonea huruma binadamu na kuyadanganya mahindi, huyo namwona kama yai viza, ukilipasua unajilaumu mwenyewe kwa nini ulilishika. Anavaa kitambaa changu. Nikikumbuka kinamgusa mwili najikuna.

Lakini kijana yule. Mkwe wangu niliyemsifu hapa mpaka watu wakanichoka. Alikuwa analala kando yako. Alikuwa anaona mbavu zako. Anaamka asubuhi analegeza skrubu kwa mkono wake, kisha anasimama hapo anasikiliza mama yake akikuita mwongo kwa kilo alizozitengeneza yeye mwenyewe. Anakuacha unyweshwe uji wa mafuta. Mdudu wa kwenye mahindi ana adabu kuliko huyo, angalau anapigwa sumu anakufa. Na machungwa analeta. Machungwa hayo usiyale, au uyale kwa sababu ya mtoto lakini usimshukuru.

Na mimi nimo humo ndani. Ulinishikia mifupa yako unionyeshe nami nikaiamini saa ya duka. Nisamehe. Sitalipamba neno hilo.

Ameomba nifunge mdomo. Jana nilikaa kwenye kiti changu nikawaita wote, muuza mkaa, fundi baiskeli, na yule mama mkwe wa karani wa benki, nikawaambia zile hamsini na tisa zilikuwa za wizi, mwanangu ana arobaini na nane na yuko kwenye dripu. Nilidhani yule mama atacheka. Alikaa chini pembeni yangu, akasema bintiye anaonwa na muuguzi kila mwezi, na atamwomba amuulize cha kukulisha. Nilikuwa nimemdharau bure mwaka mzima.

Nataka kuja kukuchukua. Lakini umeolewa, na sitaki kukuburuta kama mzigo, umeburutwa vya kutosha. Sema wewe. Ukisema nije kukutazama tu nirudi, nitakutazama nirudi. Ukisema nisipite dukani kwao, nitapita barabara ya pili, ingawa ulimi utaniwasha mpaka uvimbe.

Mama yako

*

Tarehe 1, mwezi wa saba

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimelala vizuri, nimekula vizuri. Wodi yetu ina vitanda sita na dirisha linalotazama mahali wanapoanika mashuka, na mwenzangu wa kitanda cha pili anakoroma kama lori. Mtoto anacheza sana nikishiba. Muuguzi ananipima kila baada ya siku chache nikiwa na gauni la hospitali tu, bila viatu, asubuhi kabla sijanywa chai, na anasoma kwa sauti ya chini kiasi kwamba ni mimi na yeye tu tunaosikia. Nimeongezeka kilo moja. Alisema, "Moja tu, lakini ni yako." Utepe nao umesogea kidogo. Amesema tutajua zaidi wiki mbili zijazo, hataki kuniahidi kitu. Hata mimi nimependa asiniahidi.

Mume wangu alikuja jana pamoja na mama yake. Mama mkwe alileta uji. Aliuweka juu ya kabati, hakuna aliyeugusa, ukafanya ngozi juu. Mume wangu akasema baba yake amekubali kununua mizani mpya, watauza ile kwa mtu wa vyuma chakavu, mambo yameisha, nikitoka turudi nyumbani.

Nikamwambia mizani ni yenu, fanyeni mnavyotaka. Mimi nataka neno moja. Nikamwambia, mwambie mama yako, hapa, mimi nikisikia, kwamba mke wako hakuwa anadanganya. Kwamba alikuwa anatapika kweli.

Akamtazama mama yake. Mama mkwe akawa anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja. Mwenye kitanda cha pili aliacha hata kukoroma. Mume wangu akasema, "Si mambo yameshaeleweka."

Nikamwambia sema.

Akasema, "Nitasema tukifika nyumbani."

Basi nilimaliza kumtazama, mama. Sikulia. Nilihisi kama nimeshika kitu chenye utelezi nikataka tu kunawa mikono.

Muuguzi aliingia wakati huo huo na karatasi zake, akauliza siku nikiruhusiwa nani atakuja kunichukua, kwa sababu nitahitaji mtu wa kunipikia, kunisindikiza kliniki na kuniangalia nisibebe vitu vizito. Mume wangu akafungua mdomo. Nikasema, "Mama yangu."

Muuguzi akamgeukia mama mkwe. "Huyu?"

Nikasema, "Hapana. Yuko safarini, anakuja." Basi mama, funga safari uje unichukue.

Mwanao